KAMERA SI MLINZI JAMANI, NI SHAHIDI TU!

Nimekuwa kimya hapa karibu wiki tatu. Testi zimetubana, maandalio ya masomo hayaishi, na baridi ya huku Usa River safari hii si ya mchezo. Mlima Meru wenyewe hatujauona tangu Jumatatu, umejifunika mawingu kama sisi tulivyojifunika mablanketi. Ila leo nimesema liwalo na liwe, ninaandika, maana kuna jambo linanikera na nikilinyamazia nitapasuka.

Jambo lenyewe ni hizi kamera za nje zisizo na waya.

Ukipanda Hiace kutoka Usa kwenda mjini, hebu angalia mageti ya watu. Utaziona: nyeupe, za mviringo, zina antena mbili zimesimama kama masikio ya sungura. Njiro zipo, Sakina zipo, Moshono, Olasiti, Ilboru mpaka Tengeru zipo. Mtu hajamaliza kupiga plasta lakini kamera ishaning'inia kwenye kona. Dukani mjini wanakwambia, "Dada, hii haina waya, unafunga mwenyewe, unaangalia kwenye simu hata ukiwa Dubai." Basi, watu wanatoa hela.

Niseme mapema ili nisieleweke vibaya: sina ugomvi na teknolojia. Ugomvi wangu ni jinsi tunavyochagua. Mteja anauliza ina megapikseli ngapi, inazunguka mpaka wapi, inatoa sauti au haitoi. Maswali matatu ya maana haulizi: umeme ukikatika inafanya nini? Picha zinakwenda kukaa wapi? Na ikimwona mwizi, ATAKUJA NANI? Kwenye somo la upimaji na tathmini tunafundishwa kwamba kipimo kinatakiwa kipime kile ulichokusudia. Huwezi kumpima mtoto hesabu kwa kuangalia mwandiko wake. Na sisi tunapima usalama wa nyumba kwa uzuri wa picha!

Msimamo wangu ni huu: kamera ni shahidi, si mlinzi. Ukinunua shahidi huku unamfukuza mlinzi na kumpa jirani kisogo, umejinunulia sinema ya kuibiwa kwako mwenyewe.

HIYO "HAINA WAYA" TUIANGALIE

Kwanza neno lenyewe linadanganya. Kamera nyingi wanazoziita hazina waya zina waya wa umeme, kilichokosekana ni waya wa kupeleka picha tu. Kwa hiyo umeme ukikatika, inazima. Na hata kama ina betri yake, rauta ya ndani ikizima haina pa kupeleka picha. Haya, tuambiane ukweli, huku kwetu umeme haukatiki? Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 nchi nzima ilikuwa kwenye mgao. Bwawa la Julius Nyerere likaanza kuzalisha Februari 2024 na hali ikawa nafuu, hilo lazima tulipongeze. Lakini bwawa la Rufiji haliwezi kuzuia mti usiangukie nyaya huku Maji ya Chai siku ya mvua, wala halimkumbushi mwenye nyumba kununua LUKU. Mwizi naye si mjinga. Giza likiingia mtaa mzima, kwake ndiyo kengele ya kuingia kazini.

Pili ni intaneti. Kuna kamera ambazo bila intaneti hazihifadhi kitu, kila kitu kinakwenda kwenye kompyuta za kampuni huko ng'ambo. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa siku kadhaa. Sasa niambie, siku zile ndizo mtu alihitaji kuona geti lake kuliko siku nyingine yoyote, na ndizo simu ilizokuwa haionyeshi kitu! Kifaa kinachofanya kazi siku za amani na kuzima siku za wasiwasi, hicho ni pambo.

Tatu ni bando. Tufanye hesabu ya darasa la saba. Kamera inayorusha megabiti moja kwa sekunde, na hiyo ni picha ya kawaida tu: siku ina sekunde 86,400, gawa kwa 8, unapata megabaiti 10,800. Yaani karibu GB 10.8 kwa siku, kwa kamera MOJA. Ukiweka nne na kuziacha zirushe usiku na mchana ni GB 43. Zile za kuweka laini ya simu ndiyo balaa zaidi. Bando linakata katikati ya mwezi, kamera inabaki imetoa macho pale ukutani, haioni kitu. Ukiitazama kwa nje huwezi kujua.

MERU SI KAMA KWENYE BOKSI

Picha ya kwenye boksi inaonyesha nyumba ya wazungu, majani yamekatwa vizuri, anga ya bluu. Sisi tunaishi chini ya mlima wa mita zaidi ya 4,500. Ilboru, Sekei na huku kwetu, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane ukungu unashuka mpaka mlangoni. Kamera hizi usiku zinaona kwa mwanga ambao jicho letu halioni. Ukungu ukitanda, mwanga ule unagonga matone na kurudi, unabaki na picha nyeupe kama uji wa ulezi ulioongezwa maziwa. Buibui nao wanazipenda, maana wadudu wanafuata taa yake. Utando mmoja mbele ya lenzi na simu yako inalia usiku kucha, "mtu ameonekana, mtu ameonekana". Usiku wa tatu unaizima sauti, na usiku wa nne ndiyo anakuja mwizi mwenyewe.

Ukienda upande wa Kisongo adui ni vumbi. Hapo ndipo uangalie ile namba iliyoandikwa kama IP65 au IP66. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, 6 maana yake vumbi haliingii kabisa. Ya pili ni maji, 5 inastahimili maji ya kurushwa na 6 yanayorushwa kwa nguvu. Kama boksi halina namba hiyo, kamera ni ya sebuleni, isitoke nje.

Halafu kuna zile za sola. Nzuri, sizipingi, lakini mwezi wa saba wiki nzima inapita jua hatulioni. Ili zisimalize betri zinalala, mtu akipita ndiyo zinaamka. Sekunde za kwanza zinapotea, na mara nyingi unachopata ni mgongo wa mtu anayeondoka. Mgongo wa nani? Hujui.

SASA TUJE KWENYE GETO ZETU

Hapa ndipo panaponiuma. Wanafunzi wengi hatukai hosteli, tumepanga mitaani. Kuna mwenye nyumba mmoja huku kwetu, simtaji, ana vyumba kumi kwenye uwanja mmoja, bafu na choo viko nje kwa nyuma. Alikuwa na mlinzi wa usiku, babu mmoja mtaratibu, anamjua kila mpangaji kwa jina na kwa mwendo. Ukichelewa kutoka maktaba anakuja na tochi mpaka barabarani. Muhula huu babu ameondolewa. Badala yake zimewekwa kamera mbili zisizo na waya, na kodi IMEPANDA, eti gharama za ulinzi.

Kamera ya kwanza inatazama geti. Sawa. Ya pili inatazama njia ya kwenda bafuni! Wasichana sita tunapita pale tumejifunga kanga, ndoo mkononi. Na picha zinakwenda kwenye simu ya nani? Ya mzee. Na ya mwanae aliyemfungia. Na ya fundi, ambaye ndiye aliyeweka neno la siri na hakuna aliyelibadilisha.

Tulikwenda kumwona kwa heshima zote. Tukampa shikamoo, tukaeleza. Akasema, "Binti zangu, kama huna baya unalofanya, unaogopa nini?"

Wadau, hiyo sentensi naichukia kuliko sapu. Mtu hafungi mlango wa bafu kwa sababu anafanya baya mle ndani, anaufunga kwa sababu anaoga! Stara si ushahidi wa hatia. Mzee huyo huyo nyumbani kwake ana pazia zito na ukuta umezungukwa na michongoma, na sijasikia mtu akimuuliza anaficha nini.

Mwisho wa hadithi mnaweza kuukisia. Usiku mmoja umeme ulikatika, na asubuhi laptopu ya mwenzetu haipo, na ripoti yake yote ya mazoezi ya kufundisha imo humo. Mzee akafungua simu kwa mbwembwe. Kuanzia saa saba usiku, hakuna picha. Umeme uliporudi, kamera ile ikaanza kuandika tarehe ya mwaka 1970. Babu na tochi yake hajawahi kuzimwa na Tanesco.

SHERIA IPO, TUISOME

Katiba yetu, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa nafsi yake, maisha yake binafsi na maskani yake. Chumba cha kupanga nacho ni maskani. Juu ya hapo tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia tarehe 3 Aprili 2024. Msingi wake ni kwamba anayekusanya taarifa za mtu awe na sababu halali, na mwenye taarifa ajue zinakusanywa kwa ajili gani. Wapangaji hatukuambiwa kitu, tuliamka tukakuta macho ukutani.

Kuna kisa cha Jamhuri ya Czech nakipenda sana. Raia mmoja nyumba yake ilikuwa inashambuliwa, akafunga kamera. Oktoba 2007 dirisha likavunjwa kwa manati, kamera ikanasa, polisi wakawapata washukiwa wawili. Ushindi, sivyo? Lakini kamera ilikuwa inachukua pia barabara ya umma na mlango wa nyumba ya mbele, na mshukiwa mmoja akalalamika. Kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na Desemba 2014 ikaamua kwamba kamera ya nyumbani inayomulika eneo la umma haihesabiki kuwa jambo la nyumbani tu, sheria ya taarifa binafsi inaigusa. Mahakama haikusema usijilinde. Ilisema ukijilinda, sheria za wengine zinakuhusu. Sisi si Ulaya, lakini hekima yake haihitaji viza: tazama kwako.

Na msidhani hatari ni mwenye nyumba peke yake. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka kamera na vifaa vingine duniani kote kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo la vifaa likatumika kuangusha huduma kubwa za mtandao kule Marekani. Mwaka 2023 kampuni ya Ring ilikubali kulipa dola milioni 5.8 baada ya serikali ya Marekani kuituhumu kwamba iliwaacha wafanyakazi wake kuangalia video za faragha za wateja. Februari 2024 wateja wapatao 13,000 wa Wyze walifungua simu zao na kukuta picha za nyumba za watu wengine. Hizo ni kampuni zenye majina na mawakili. Sasa wewe ile kamera yako isiyo na jina uliyonunua kwa kupatana bei, picha zake zinakaa kwenye kompyuta ya nani?

FIMBO YA MBALI

Kuna ndugu zetu wako Marekani, Uingereza na Oman, wamejenga Njiro, wanaangalia nyumba kwenye simu. Nawaheshimu, wamejinyima kujenga. Lakini wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ukiwa Muscat ukaona mtu anaruka ukuta wako, utampigia nani? Namba ya dharura 112 inapigwa ukiwa hapa nchini. Jirani humjui jina. Mwenyekiti wa mtaa huna namba yake. Utabaki kutazama televisheni yako ikitoka mlangoni, picha safi kabisa.

Hata kwa wakubwa ni hivyo hivyo. Mo Dewji alitekwa alfajiri ya tarehe 11 Oktoba 2018 pale hoteli ya Colosseum, Oysterbay. Baadaye IGP wa wakati ule, Simon Sirro, aliwaonyesha waandishi picha ya gari iliyopatikana kwenye kamera. Kamera zilisaidia uchunguzi, sikatai. Lakini hazikuzuia utekaji, na Mo alipatikana tarehe 20 Oktoba baada ya watekaji wenyewe kumwacha viwanja vya Gymkhana. Hayo ni maeneo ya matajiri Dar. Wewe wa Kikatiti unategemea nini?

Wazee wetu hawakuwa na kamera, walikuwa na yowe. Ikipigwa usiku, kila mlango unafunguka. Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu walipochoka na wizi wa ng'ombe waliunda sungusungu. Walikuwa na makosa yao, walionea watu pia, lakini walilijua jambo moja: mwizi anamwogopa mtu anayekuja.

Najua mtaniambia walinzi wanalala, na wengine wanashirikiana na wezi. Ni kweli, wapo. Lakini mlinzi anayelala ana sababu. Mlipe mshahara unaoeleweka, mpe koti la baridi, chai na filimbi, halafu ndiyo umdai. Na kama humwamini, kamera moja getini ikusaidie kumkagua. Hapo sina neno. Kamera na mtu wafanye kazi pamoja. Ninachokataa ni kumtoa mtu na kuita hiyo maendeleo.

BASI UCHAGUEJE?

Nisije nikaambiwa nalalamika tu. Hela ya kwanza isiende kwenye kamera. Iende kwenye taa ya nje, komeo la geti, na namba za simu za majirani watano. Ikibaki, ndipo ununue, na uzingatie haya.

Iwe inahifadhi picha kwenye memori kadi yake au kwenye mashine iliyo ndani ya nyumba. Kwa ile hesabu yetu, kadi ya GB 64 inatunza karibu siku sita, ya GB 128 karibu kumi na mbili. Rauta na kamera ziwe na betri ya akiba. Kabla ya kutoboa ukuta, simama pale pale na simu yako uone Wi-Fi inashika vipi, maana ukuta wa tofali, geti la chuma na bati vinakula mawimbi. Kama unaweza kupitisha waya, pitisha waya! Hauibiwi mawimbi wala haukatikikatiki. Usiifunge juu kama mnara, itakuonyesha kofia tu. Mita mbili na nusu mpaka tatu zinatosha kuona sura. Badilisha neno la siri siku hiyo hiyo, na fundi asilijue. Rekebisha saa na tarehe, kwa sababu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki mahakamani, lakini mahakama inaangalia ulivyotengenezwa na kutunzwa. Picha ya mwaka 1970 itakusaidia nini?

La mwisho na kubwa: iangalie geti LAKO. Isiangalie dirisha la jirani, wala uwanja wa watoto wa watu, wala njia ya bafuni ya wapangaji. Na waambie watu ipo, weka kibao. Shahidi wa haki hajifichi.

Sisi sita tumeandika barua kwa mzee, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa. Tunaomba mawili tu: kamera ya pili igeuzwe, na babu arudishwe, hata kama ni kwa kupunguza ile kodi iliyopandishwa ikamlipe yeye. Mpaka naandika haya hatujajibiwa. Tumefunga kanga mbili kwenye kamba kama pazia, na upepo wa Meru unazipeperusha anavyotaka. Wanafunzi mnaokaa geto zenye kamera, andikeni na nyie. Mtu mmoja akisema anaambiwa ana maneno, sita wakisema ni wapangaji.

Maoni yenu hapo chini, ya kupinga pia yanakaribishwa, ila msitukane. Kesho nina wasilisho saa mbili asubuhi.

Naomba kuwasilisha. Alamsiki!